Shangazi, nataka kurusha ndege za jeshi, baba anataka kuuza miti

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 19, kwetu ni Mufindi, si mbali na Mafinga mjini. Nimemaliza kidato cha sita mwezi uliopita, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), nasubiri matokeo. Tangu nikiwa shule ya msingi nataka kitu kimoja, kuwa rubani wa jeshi. Zamani nyumbani wakinisikia walikuwa wanacheka. Sasa hawacheki tena, kila mtu ana njia yake ya kunipitisha, na mimi ndiyo nimezidi kuchanganyikiwa.

Baba ana heka sita za mipaini yenye miaka minane. Dalali ameshakuja kuiona. Baba anasema atauza shamba lote nikasome urubani Afrika Kusini, nikirudi na leseni jeshi litanichukua mbio mbio kwa sababu nitakuwa nimeiva tayari. Mama hataki hata kulisikia hilo, kwa sababu miti ile ndiyo ada ya wadogo zangu wawili. Siku hizi wanakula chakula cha jioni bila kusemeshana.

Mjomba yuko Texas. Yeye anasema nisipoteze muda hapa, nicheze bahati nasibu ya viza ya Marekani, nikifika niingie jeshi lao, huko wageni wanachukuliwa na ndege ziko nyingi.

Mwalimu wangu wa fizikia anasema nianze na Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kisha niombe jeshi lenyewe, JWTZ, kisha chuo cha maafisa cha Monduli. Jina langu limeshatoka kwenye orodha ya JKT na siku za kuripoti zinakaribia. Lakini baba anaona ni kupoteza miezi mitatu, na mimi mwenyewe naogopa: nikiingia jeshini halafu wakanipangia kazi nyingine kabisa, je? Si nitakuwa nimejifungia mlango mwenyewe?

Kuna na mtu mmoja hapa mjini, anajiita afande mstaafu. Amemwambia baba kwamba ana nafasi mbili za marubani, anataka milioni tatu, nusu itangulie. Baba hajakataa.

La mwisho, Shangazi, sijamwambia mtu. Tangu kidato cha tano nikikaa nyuma ya darasa maandishi ya ubaoni siyaoni vizuri. Nikawa nawahi kiti cha mbele. Nasikia mwenye miwani hawezi kuwa rubani, ndiyo maana nimenyamaza.

Binti wa Mufindi


Marahaba mwanangu,

Suala la macho umeliweka mwisho. Mimi nalileta mwanzo, kwa sababu njia zote ulizoniandikia zinapita kwa daktari, na hakuna hata moja itakayokuvusha pale kwa fedha au kwa kujuana na mtu.

Kabla hujaripoti kambini, na kabla baba hajampa dalali jibu lolote, nenda kapime. Usiende kwa wauza miwani wa stendi. Nenda hospitali ya rufaa, Iringa au Mbeya, kwenye kliniki ya macho, umweleze daktari bila aibu kwamba unataka urubani. Mwombe apime kila jicho peke yake, bila miwani na kwa miwani, kisha apime na rangi. Kipimo cha kuona mbali hufanyika kwa umbali wa mita 6. Ukiandikiwa 6/9, maana yake ni kwamba herufi ambazo mwenye macho mazima anazisoma akiwa mita 9, wewe ilibidi usogee hadi mita 6. Majibu yaandikwe kwenye karatasi, na karatasi hiyo uitunze pamoja na vyeti vyako vya shule.

Sasa sikiliza vizuri. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka rubani wa ndege za biashara asome 6/9 au vizuri zaidi kwa kila jicho, na 6/6 kwa macho mawili pamoja, kwa miwani au bila miwani. Hayo maneno matano ya mwisho yasome tena. Wapo marubani wanaorusha ndege za abiria wakiwa wamevaa miwani, na ya akiba wanayo pembeni. Kwa hiyo hilo ulilolisikia na kulibeba peke yako miaka miwili si kweli kwa urubani wote. Kwa jeshi ni habari nyingine kidogo. Jeshi lina madaktari wake na vigezo vyake, na kwa kawaida majeshi hukaza zaidi ya kiraia, hasa kwa ndege za kivita, ambako rubani anavaa kofia nzito na barakoa ya oksijeni, na akikata kona kali uzito wa mwili wake unazidishwa mara nne, mara tano na zaidi. Macho yako yanaweza kukufaa kwa ndege ya mizigo au helikopta na yasikufae kwa ndege ya kivita. Ni bora ulijue hilo ukiwa na miaka 19 kuliko kulijulia kwenye usaili.

Kwenye rangi watakufungulia kitabu cha Ishihara. Kila ukurasa una duara lililojaa vidoa vya rangi, na katikati ya vidoa hivyo kuna namba, sema 74, ambayo mwenye kasoro ya rangi haioni au anaisoma kama namba nyingine. Kasoro hiyo haina miwani wala dawa. Habari njema ni kwamba huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake. Na kama kuna mtu atakushauri ukafanyiwe upasuaji wa leza ili uache miwani, usikimbilie. Macho yakishafanyiwa upasuaji huwezi kuyarudisha yalivyokuwa, na majeshi mengi huuliza historia ya macho kabla ya mengine yote.

Nije kwa baba. Mzazi anayekubali kuuza heka sita ili binti yake arushe ndege ni mzazi wa kushukuriwa, na ninaomba hili mlisome pamoja naye. Lakini mpango wake umeanzia mwisho. Leseni ya kiraia haikupi cheo jeshini. Rubani wa jeshi ni afisa kwanza na rubani baadaye. Anapita uandikishaji kama wenzake, anapigishwa kwata, anajifunza silaha na uongozi, anatunukiwa kamisheni na kuvaa nyota ya Luteni Usu, na urubani unakuja kama fani ambayo jeshi lenyewe limeamua kumfundisha. Mafunzo hayo yanalipiwa na jeshi, na sehemu yake mara nyingi hufanyika nje ya nchi. Kwa hiyo baba anataka kuuza shamba ili anunue kitu ambacho jeshi humlipia yule linayemtaka.

Na bei yenyewe aijue. Leseni ya rubani binafsi inataka angalau saa 40 za kuruka. Ya biashara, ile ambayo mtu anaweza kuajiriwa nayo, ni saa 200, au 150 ukisoma chuo chenye kozi iliyoidhinishwa. Kila saa ina bei yake, ukiongeza chakula, malazi, mitihani na viza, mara nyingi hesabu inapita milioni mia moja. Ukirudi nyumbani na leseni bila kazi, gharama hazijaisha: cheti cha afya cha rubani wa biashara aliye chini ya miaka 40 kinadumu miezi 12 tu, na usiporuka, stadi zinachakaa na kuna vipimo vya kurudia kwa fedha yako. Mipaini ya miaka minane nayo bado michanga kwa mbao. Dalali anayeizunguka sasa hivi anajua kwamba mna shida ya ada, na atawapa bei ya mtu mwenye shida. Mama yako ana haki kabisa ya kukataa. Na wadogo zako wana haki kwenye ile miti kama wewe.

Simaanishi kwamba njia ya kiraia ni mbaya. Ukifika mahali ukagundua kwamba unachokitaka ni ndege na si jeshi, itakuwa njia yako halali, na wala huhitaji kuanzia Afrika Kusini. Kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo Dar es Salaam, kinachofundisha mambo ya anga, matengenezo ya ndege yakiwemo. Kuna TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, inayotoa leseni, na ofisi zao zinajibu maswali ya vijana. Lakini barua yako imesema jeshi tangu mstari wa kwanza, nami nakujibu kwa hilo.

Huyo afande mstaafu wa milioni tatu ni tapeli. JWTZ hutangaza nafasi hadharani na kila mara hurudia kwamba uandikishaji hauna malipo. Hakuna mstaafu mwenye nafasi mbili za marubani mfukoni. Mwambie baba asimpe hata nauli, asimpe nakala ya cheti chako wala cha kuzaliwa, na akirudi nyumbani, habari iende kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi. Wapo wazazi katika mikoa yetu hii waliouza mahindi na ng'ombe kwa watu wa namna hiyo, na mtoto akabaki nyumbani mwaka mzima akisubiri simu.

Mjomba wa Texas anasema kweli nusu. Jeshi la Marekani linaandikisha wageni wenye kibali cha ukaazi wa kudumu, ila kama askari wa kawaida. Rubani wa kule lazima awe afisa, na afisa lazima awe raia wa Marekani. Wao wenyewe wana njia kadhaa za kufika huko: chuo chao cha jeshi la anga pale Colorado Springs, mafunzo ya uafisa yanayokwenda sambamba na masomo ya chuo kikuu, au kozi fupi ya uafisa kwa aliye na shahada tayari. Jeshi lao la nchi kavu linachukua hata wasio na shahada kurusha helikopta. Zote hizo zinadai uraia wao, na anayefuzu urubani wa jeshi la anga anafungwa na mkataba wa miaka 10. Hapo kuna jambo ambalo mjomba hakulitaja. Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anapoteza wa Tanzania. Je, ndoto yako ni kuruka chini ya bendera gani? Jibu hilo ni lako, siwezi kukujibia. Ila ujue pia kwamba chuo kile cha Colorado Springs hupokea wanafunzi wachache wa mataifa mengine, wasiozidi 60 kwa wakati mmoja, na hao hupelekwa na serikali zao na kurudi kutumikia majeshi ya kwao. Hata mlango huo wa Marekani, kwa Mtanzania anayetaka kubaki Mtanzania, unafunguliwa ukiwa ndani ya mfumo wa nyumbani.

Mwalimu wako wa fizikia amekuelekeza vizuri. Nenda JKT.

Miezi mitatu hiyo baba anayoiona ya kupoteza ndiyo inayokupa cheti ambacho matangazo ya JWTZ ya miaka ya karibuni yamekiweka kama sharti: mwombaji awe amehitimu mafunzo ya JKT, kwa mujibu wa sheria au kwa kujitolea. Masharti mengine ni uraia wa kuzaliwa, tabia njema, afya, vyeti halisi, na kutokuwa umewahi kutumikia polisi au magereza. Umri nao umewekewa mipaka, kwa matangazo hayo miaka 24 kwa wa kidato cha nne na cha sita, na 27 kwa wenye shahada. Piga hesabu mwenyewe. Una 19. Ukienda chuo kikuu kusoma uhandisi wa miaka minne utatoka na 23 au 24, bado uko ndani ya mpaka wa wenye shahada. Kwa hiyo una nafasi ya kuomba sasa ukiwa wa kidato cha sita, na ukikosa unayo nyingine baada ya chuo. Ndiyo maana ushauri wangu ni huu: ripoti kambini, matokeo yakitoka omba chuo kama kawaida, ukiweka uhandisi mbele, kwa mfano umakanika au umeme pale MUST Mbeya au UDSM, na tangazo la jeshi likitoka uombe. Lipi litangulie kati ya chuo na jeshi, acha nafasi zenyewe ziamue. Shahada ya uhandisi haitakuharibia popote, na hata usipoitwa jeshini una kazi mkononi.

Soma tangazo la mwaka wako neno kwa neno, maana masharti hubadilika. Orodha ya vifaa vya kambini nayo ifuate ilivyo: bukta ya bluu iliyokolea inayofika magotini na isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba, shuka za bluu. Ukipangiwa Mafinga utakuwa karibu na kwenu, ukipangiwa Itende Mbeya utakutana na baridi unayoijua, ila wanaweza kukupeleka Kigoma au Tanga, nenda tu. Kambini usijitangaze kwamba wewe ni rubani mtarajiwa. Amka kwa wakati, kimbia, lima, sikiliza. Na usidanganywe na yeyote kwamba JKT ni ajira, wenyewe husema wazi kwamba si ajira.

Sasa hofu yako, ile ya kupangiwa kazi nyingine. Hiyo ndiyo sehemu ya barua yako iliyonigusa zaidi, na sitakupa maneno matamu. Inaweza kutokea. Jeshi ndilo linalochagua nani aruke, kwa mahitaji yake, kwa vipimo vya afya, kwa usaili, na marubani ni wachache kuliko wanaotamani. Unaweza kutoka Monduli na nyota yako begani ukapelekwa mizinga, mawasiliano au uhandisi. Na hata ndani ya Kamandi ya Jeshi la Anga, kwa kila ndege inayopaa kuna mafundi, waongozaji na watu wa hali ya hewa walioifanya ipae, na maisha yao si maisha ya kushindwa. Wanaoruka nao si wote wa ndege za kivita. Wengine wanabeba askari na mizigo, wengine wako kwenye helikopta, na mafuriko yakikata barabara hao ndio wanaofika kwa mgonjwa.

Kwa hiyo kabla ya kuripoti, kaa chini peke yako ujiulize: nikiambiwa leo kwamba nitakuwa afisa wa jeshi miaka 20 bila kushika usukani wa ndege hata siku moja, nitaamka asubuhi nikiwa na moyo wa kazi? Kama jibu ni ndiyo, ingia jeshini bila woga na upiganie urubani ukiwa ndani. Kama jibu ni hapana kabisa, basi wewe ni mtu wa ndege, na kwako ni bora shahada kwanza, kazi, kisha leseni ya kiraia hatua kwa hatua kwa fedha yako, bila kugusa ada za wadogo zako. Bado kambi utaenda, maana umeitwa kwa sheria, lakini utajua unakoelekea. Wasichana wengi wenye ndoto kama yako wanaulizwa kama wanaweza. Mimi hilo sikuulizi, PCM umeimaliza. Nakuuliza unataka nini.

Ukitoka kambini, ukiwa unasubiri chuo, usikae bure. Nenda kiwanja cha ndege cha Nduli pale Iringa, au cha Songwe ukipata safari ya Mbeya, uombe kwa adabu kuongea na watu wa kiwanjani. Muulize mwongoza ndege kwa nini ukungu wa asubuhi umewahi kuzirudisha ndege za Songwe zilikotoka. Muulize kwa nini kiwanja kile, kilichofunguliwa Desemba 2012, kilihitaji njia ndefu ya kurukia ya zaidi ya kilomita tatu. Kiko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, hewa ya juu ni nyepesi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Bawa linapata nguvu kidogo, injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo ndege ile ile iliyopaa Dar es Salaam kwa mbio fupi, huku kwetu inakimbia zaidi kabla ya kuinuka. Ukilielewa hilo kwa hesabu zako za fizikia, chukua daftari ulikokotoe kwa joto la asubuhi na la saa nane mchana. Siku ya usaili, mtu aliyefanya hesabu hiyo mwenyewe anajulikana. Na Kiingereza chako kinoe kila siku kwa kusoma na kuongea kwa sauti, kwa sababu mawasiliano ya anga ya kimataifa hutumia Kiingereza na leseni zina kiwango chake.

Imebaki baba na mama. Usiongee na baba peke yake, wala na mama peke yake. Wakalishe wote wawili mchana, si usiku wakiwa wamechoka, uanze kwa kumshukuru baba kwa nia yake ya kuuza miti, kisha uwaambie kuhusu macho. Hilo la macho walisikie kutoka kwako kabla ya kulisikia kutoka kwa daktari. Baba akilijua, mwenyewe ataona kwamba si wakati wa kupeana mkono na dalali. Mwombe akusindikize hospitalini. Ukishapata majibu niandikie tena, unitajie namba za kila jicho na majibu ya rangi, tuangalie pamoja ni ndege za aina gani za kuweka mbele kwenye maombi yako.

Shangazi yako